Tufani Katika Tanga Mbili

Neno tufani, ambalo watu wa pwani walilipokea kutoka kwa Waarabu pamoja na maneno mengi mengine ya chombo, ya soko na ya ibada, kwa asili yake lilikuwa jina la gharika, na gharika mashuhuri kuliko zote ni ile ya zama za Nabii Nuhu. Lakini lilipokwisha kuzoea vinywa vya manahodha likajitwalia na maana ya upepo mkali uvurugao bahari, hata leo asemaye tufani huwa amekusanya katika neno moja maji yaangukayo na hewa ivumayo. Mtu mwepesi wa kuhukumu angeweza kudhani kuwa mkusanyiko huu ni upungufu wa lugha. Nia ya makala haya ni kuonyesha kinyume chake: ya kuwa tufani ni maji tangu mwanzo wake hata mwisho wake, ya kuwa upepo ni hali yake ya katikati tu, na ya kuwa wakazi wa pwani yetu, ambao kwa karne nyingi wameijua bahari kwa pepo zake, hawana budi sasa kuijua kwa maji yake pia.

Swali lenyewe laelezeka kwa maneno machache. Kutoka Lamu hata Mtwara imekuwa ada kusemwa kwamba tufani ni msiba wa watu wengine: wa Madagaska, wa Morisi, wa Msumbiji, wa Bangladeshi. Kauli hii ina sehemu ya kweli, tena sehemu kubwa, ila haikutimia. Na kauli iliyo kweli kwa sehemu humlaza msikilizaji usingizi mzito kuliko uwongo mtupu. Ili kuipima yatupasa kuanzia pale inapoanzia hali yote ya hewa ya nchi za joto, yaani juu ya uso wa bahari.

Jua la ikweta huipasha bahari mwaka mzima, na bahari huliweka joto hilo kwa subira, ikalitoa kidogo kidogo, aghalabu kwa kuvukiza maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kwahitaji joto liwezalo kuchemsha kilo 5 za maji yaliyokuwa baridi kama barafu. Na joto hilo halipotei, bali hujificha ndani ya mvuke, hupanda nao, na mvuke unapogeuka kuwa matone ya wingu huko juu, joto lote hurudishwa hewani. Hewa iliyopata joto huwa nyepesi, ikazidi kupanda, na chini yake huacha nafasi ambayo hewa nyingine huikimbilia, na huko kukimbilia ndiko tunakokuita upepo. Basi kila wingu la mvua katika nchi za joto ni mfano wa tanuri: kuni zake ni mvuke, na ghala ya kuni hizo ni bahari.

Ghala yetu ina umbo la peke yake. Atlantiki na Pasifiki zimeachwa wazi kaskazini hata nchi za barafu, bali Bahari ya Hindi imezibwa upande huo na bara zima la Asia, na nchi kavu, kinyume cha bahari, haina subira: hupoa upesi na kuwaka upesi. Asia inapopoa, hewa yake huwa nzito na kutiririka kuja kusini, nasi tukapata kaskazi, ivumayo tangu Desemba hata Machi. Asia inapowaka, hewa ya baharini huvutwa kwenda huko, nasi tukapata kusi, ianzayo kujitengeneza mwezi wa Aprili na kukithiri Juni na Julai. Kusi ikifika karibu na ikweta hukuta nyanda za juu za Kenya na za Uhabeshi zimesimama kama ukuta, ikajipinda na kubanwa, ikapita mbele ya Somalia kwa kasi kubwa, na mvuke iliouchukua njiani ni sehemu ya mvua ilishayo mashamba ya Bara Hindi. Upepo huo huo huyasukuma maji ya juu mbali na ufuo wa Somalia, na mahali pake hupanda maji ya baridi kutoka vilindini, hata bahari ile, iliyo karibu sana na ikweta, ikawa baridi katikati ya mwaka. Msomaji na aliweke jambo hili akibani, maana tutalihitaji mbele.

Kwa marejeo ya pepo hizi majahazi ya Maskati na Suri yaliteremka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na papa, na kurudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Neno letu msimu, ambalo ni la Kiarabu mausimu, lilikuwa na maana ya wakati uliowekwa, na Wazungu nao waliposhika njia hizi walilichukua wakalifanya jina la pepo zenyewe. Ahmad bin Majid wa Julfar, rubani wa karne ya 15, aliandika kwa nathari na kwa nudhumu nyakati za kuondoka kila bandari. Na kwa kuwa mwaka wa Hijra, ufuatao mwezi, hupungua siku 11 hivi katika mwaka wa jua, hauwezi kumwambia mkulima siku ya kupanda wala nahodha siku ya kung'oa nanga. Kwa hiyo wazee wetu walihesabu miongo, yaani makumi ya siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa hesabu ya jua, wakajua ni katika mwongo upi masika hutarajiwa, na katika upi demani, yaani kusi ipunguayo nguvu, huituliza bahari.

Baina ya kaskazi na kusi mna kipindi walichokiita tanga mbili, au malelezi, ambapo upepo hauna nguvu wala mwelekeo, na chombo chaweza kwenda huku au huku kadiri ya bahati yake. Kipindi hiki huja mara mbili kwa mwaka, karibu na Aprili na karibu na Novemba. Kwa kuwa ni kipindi cha upepo haba, huonekana kuwa cha amani. Lakini ni katika hiyo tanga mbili ya Aprili, kama tutakavyoona, ambapo mlango wa pwani yetu huachwa wazi.

Tufani haizuki palipo na bahari ya joto tu, la sivyo Mombasa ingeipata kila mwaka. Shuruti ya kwanza ni kweli joto: maji ya juu yawe na digrii 26 na nusu au zaidi, tena kwa kina cha kutosha, ili dhoruba inapoyakoroga yasipande ya baridi. Shuruti ya pili ni mzunguko wa dunia, ambao huipotosha hewa ikimbiliayo kati, ikawa haifiki moja kwa moja bali huzunguka, kusini mwa ikweta kwa mwendo wa akrabu za saa na kaskazini kinyume chake. Na kwa kuwa nguvu hii hufifia hata kutoweka penye ikweta, ni nadra tufani kuzaliwa chini ya digrii 5 za latitudo. Shuruti ya tatu ni kwamba upepo wa chini na upepo wa juu usipishane sana, kwa maana ukipishana, tanuri hukatwa bomba lake, na joto lililopaswa kulundikana mahali pamoja hutawanywa. Zikitimia shuruti hizi, mawingu yaliyokuwa yametapakaa hushikamana, hewa ya katikati hupungua uzito, upepo huongezeka, na upepo ukiongezeka huvukiza maji zaidi, na mvuke ukizidi huongeza upepo. Dhoruba sasa yajilisha yenyewe. Katika upande wetu wa bahari hupewa jina upepo wake ufikapo kilomita 63 kwa saa, na ikifika 118 huhesabiwa kuwa tufani kamili.

Kwa shuruti hizi twaweza kuona ngome za pwani ya Waswahili. Ngome ya kwanza ni ukaribu wa ikweta: Mombasa iko digrii 4 kusini, Unguja 6, Kilwa 9, Lindi 10, na kila mji ulioko kusini zaidi una ulinzi mdogo zaidi. Ngome ya pili ni Madagaska, kisiwa cha urefu wa kilomita 1,600 hivi kilicholala mbele ya Msumbiji, ambacho hupokea kifuani dhoruba nyingi zitokazo mashariki. Na ngome ya tatu ni tabia ya tufani zenyewe, ambazo zikisha kwenda magharibi kwa siku kadhaa, aghalabu hugeuka kusini na hatimaye kusini mashariki, zikaenda kufia katika maji ya baridi. Msimu wao huanza Novemba na kwisha Aprili, na sehemu kubwa ya msimu huo ngome zetu husimama imara.

Lakini ngome hizi zina ufa, na tarehe zatuonyesha ulipo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliingia Unguja, ambako wazee walio hai hawakupata kuona mfano wake. Merikebu za Seyyid Barghash, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili ya utawala, ziliangamia karibu zote bandarini, na minazi na mikarafuu ya kisiwa hicho ikang'olewa kiasi cha thuluthi mbili. Pemba, iliyo umbali wa kilomita 50 hivi, haikuguswa sana, kwa sababu tufani za karibu na ikweta huwa ndogo za mwili ingawa ni kali za tabia. Tofauti hiyo ya kilomita 50 iligeuza uchumi: mikarafuu ya Unguja ilihitaji miaka kukua upya, ya Pemba ilikuwa imesimama, na tangu hapo Pemba ikatangulia katika zao hili. Seyyid Barghash aliagiza Uingereza merikebu badala ya zilizopotea, na moja yake, Glasgow, ilikuja kuzamishwa na mizinga ya Waingereza wenyewe katika vita vifupi vya Agosti 1896. Mvua na upepo wa siku moja viliandika sehemu ya tarikhi ya nusu karne.

Ilipita miaka 80. Mtoto aliyeona tufani ya Unguja alikuwa ama kaburini ama kizee kikongwe, na habari yake ilikuwa hadithi, pale Aprili 1952 tufani nyingine ilipoingia Lindi na kuuharibu vibaya mji ule. Kisha tukalala tena. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth, ikisha kuipiga Ngazija, iliingia Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, kwa pepo zilizozidi kilomita 200 kwa saa, na katika kisiwa cha Ibo, ambapo watu husema Kimwani, lugha iliyo jirani na ndugu ya Kiswahili, nyumba nyingi ziliangushwa. Aprili 2021 Jobo ilielekea Dar es Salaam, lakini pepo za juu na hewa kavu ziliidhoofisha kabla haijafika. Na tarehe 4 Mei 2024 Hidaya, yenye jina ambalo kwa Kiswahili ni tunu, ilifika Mafia na pwani iliyo karibu nayo.

Aprili, Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Si sadfa tupu. Mwisho wa kiangazi cha kusini ndipo bahari hii hufikia upeo wa joto lake, kwa kuwa maji huchelewa nyuma ya jua. Kaskazi imekwisha na kusi haijashika, na kwa hiyo upepo wa juu na wa chini haupishani sana. Ukanda wa mawingu ya mvua unapita juu ya Tanzania ukirudi kaskazini. Na hewa nzito ianzayo kujijenga kusini huweza kuisukuma dhoruba iende magharibi moja kwa moja, ikapita kaskazini ya ncha ya Madagaska badala ya kuigonga. Tanga mbili, tuliyoidhani kuwa amani, ni wakati ambapo walinzi wawili wanapokezana zamu.

Yafaa hapa tuonye dhidi ya hitimisho la haraka. Dhoruba tatu katika miaka mitano, moja ya Msumbiji na moja iliyokufa njiani, si ithibati kwamba tufani zimekuwa nyingi kwetu, na mwenye kusema hivyo kwa yakini anaipita elimu aliyonayo. Lakini zatosha kuthibitisha jambo la chini ya hilo, nalo latutosha kwa kazi: kwamba mlango upo, na kwamba wakati wa kufunguka kwake wajulikana.

Sasa turudi kwenye maji. Mtu asikiapo habari ya tufani huuliza kasi ya upepo, na upepo hakika huezua mapaa na kung'oa miti; lakini hesabu ya waliofariki aghalabu huandikwa na maji. Hidaya ilipofika nchi kavu upepo wake ulikuwa umepungua, ila mvua zake zilivunja madaraja wilayani Kilwa na kuikata barabara iendayo Lindi, hata mikoa ya kusini ikatengwa na Dar es Salaam. Idai, iliyoingia karibu na Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, iliifurisha bahari ikapanda juu ya mji, kisha mito ikageuza mabonde kuwa ziwa. Na katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walikufa watu zaidi ya 1,000. Freddy, iliyozaliwa Februari 2023 upande wa Australia, iliivuka bahari yote, ikaingia Madagaska na Msumbiji, ikarudi baharini kujilisha, ikaingia tena, na kwa umri wake wa zaidi ya wiki 5 ikawa tufani iliyoishi muda mrefu kuliko zote zilizopata kupimwa. Na mauti makubwa iliyoyaleta yalitokea Blantyre na kandokando yake, mamia ya kilomita kutoka ufuoni, ambako vilima vililainika kwa mvua vikaporomokea nyumba za watu. Mkazi wa Blantyre haijui bahari, lakini bahari ilimfikia.

Wala si lazima bahari iwe na dhoruba ili itufikie. Mwaka 1999 Saji na Yamagata, waliokuwa wakifanya kazi Japani, pamoja na wenzao, walieleza kwa utaratibu tabia ya Bahari ya Hindi iliyo kama mizani: miaka mingine maji ya magharibi, yaani upande wetu, huwa na joto kupita kawaida, na ya mashariki, karibu na Sumatra, yakawa baridi, miaka mingine mizani huinamia upande wa pili. Ikiinamia kwetu, vuli, ambayo kwa asili ni mvua ya haya, huwa mvua ya ghadhabu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, ambapo Ziwa Viktoria lilianza kupanda hata mwaka 1964 likawa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Ndivyo ilivyokuwa 1997, katika mvua ambazo watu wa Kenya na Tanzania wangali wakiziita za elnino. Na ndivyo ilivyokuwa 2019. Mizani ikigeuka, au Pasifiki ikiingilia kwa baridi yake, mawingu huhama, kama yalivyohama kati ya 2020 na 2022, pembe ya Afrika ilipokosa mvua misimu mitano mfululizo. Mfugaji wa Garissa na mvuvi wa Pemba wasiopata kuonana hutawaliwa na maji yale yale.

Lile jambo tuliloliweka akibani, la bahari ya Somalia kupoa katikati ya mwaka, sasa lina kazi yake. Kwa sababu ya kusi na ubaridi huo, Bahari ya Arabu haina tufani katika kilele cha kusi, bali ina misimu miwili, mmoja kabla yake na mmoja baada yake. Hapo napo hatari imo katika mapokezano ya pepo. Gonu iliifurisha Maskati mwanzoni mwa Juni 2007, na mabonde makavu ambayo watu walijenga ndani yake yakakumbuka kuwa yalikuwa mito. Shahini ilifika Batina, pwani ya kaskazini ya Omani, mwezi wa Oktoba 2021, mahali ambapo tufani ni nadra kabisa. Na mwaka 2018 zilipita mbili, Mekunu mwezi wa Mei na Luban mwezi wa Oktoba, zikamwaga mvua juu ya jangwa la Rub al-Khali hata maziwa yakatuama baina ya vilima vya mchanga. Katika majani yaliyoota hapo nzige walizaliana vizazi kwa vizazi pasipo mtu wa kuwaona, wakavuka Yemeni, wakaingia pembe ya Afrika, na mvua nyingine ya tufani huko Somalia mwezi wa Desemba 2019 ikawaongeza. Basi mwanzo wa 2020 wakashuka Kenya kwa wingi usioonekana kwa miaka 70. Mkulima wa Kitui aliyepiga debe kuwafukuza alikuwa akipigana na mvua iliyonyesha Arabuni alipokuwa bado hajaisikia.

Juu ya hayo yote, ghala ya kuni yajaa. Upande wa magharibi wa bahari hii umepata joto la zaidi ya digrii 1 katika muda wa miaka 100 na kitu, na hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa sehemu 7 katika 100. Maana yake si lazima tufani ziwe nyingi; maana yake ni kwamba ile itakayokuja itakuwa na maji mengi zaidi ya kumwaga, na usawa wa bahari uliopanda utaipa mahali pa juu zaidi pa kuanzia. Ushahidi wa joto lenyewe waujua kila mvuvi: mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe na mengi yakafa, pasipo tufani yoyote, kwa homa ya bahari tu.

Tufanye nini? Kinga ya kwanza ni habari, na hapo tumepiga hatua. Kituo cha La Réunion huzifuatilia dhoruba zote za upande huu wa bahari, na mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya hutangaza kwa wakati. Lakini tangazo litajalo kasi ya upepo peke yake humwacha msikilizaji wa bondeni akidhani halimhusu. Na onyo likisha kupita bila madhara, kama la Jobo, mtu hujiona alidanganywa, ilhali aliokoka. Methali yetu yasema dalili ya mvua ni mawingu, na kwa vuli na masika ni kweli tupu. Kwa tufani, mtu akisubiri kuona wingu amekwisha kuchelewa, kwa kuwa dalili yake ya kwanza ni ujoto wa maji asiyoyaona. Kinga ya pili ni ardhi: mikoko iliyoachwa isimame, mitaro iliyozibuliwa, madaraja yaliyopimwa kwa mafuriko ya kesho badala ya ya jana, na mabonde yaliyoachiwa maji yake.

Kinga ya tatu ni kumbukumbu. Wazee walihesabu vyema kila kinachorudi kwa mwaka, kwa sababu mtu mmoja huishi miaka ya kutosha kukiona kikirudi. Lakini kinachorudi baada ya miaka 80 hakihesabiki kwa umri wa mtu, huhesabika kwa umri wa jamii, nayo jamii haina kumbukumbu ghairi ya ile inayoiandika na kuifundisha. Miongo ya Nairuzi ilikuwa na siku za kupanda, siku za kuvua na siku za safari. Sisi yatupasa kuongeza yetu, katika tanga mbili ya Aprili, wakati ambapo tanga limelegea na bahari imetulia kama mafuta: iwe miongo ya kuzibua mitaro, ya kuvuta ngalawa juu, na ya kusikiliza habari za mashariki.